KITUO CHA MACHO KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI



Nimepewa muda mfupi jioni hii nizungumze nanyi juu ya bustani ya nyumbani. Sitasema juu ya mboga wala mahindi, ijapokuwa hayo ni mambo ya maana, na wako wenzangu wayajuao kunishinda. Nataka kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kuyapa macho mahali pa kutua.

Macho ya mtu ni kama msafiri. Msafiri akishika njia ndefu isiyo na mti wala kisima, huchoka upesi, na akifika kwao hana la kusimulia. Bali akikuta mbuyu mkubwa penye njia panda, hutua mzigo, hupumzika, na siku nyingi baadaye husema, "Nilipita penye mbuyu." Bustani nayo ni vivyo hivyo. Huenda ua umefagiwa vizuri, maua yamepandwa ya namna ishirini, na makopo yamepangwa ukutani toka pembe hata pembe. Walakini mgeni akiingia, macho yake hutangatanga yasijue pa kukaa. Akiondoka, haikumbuki bustani ile. Sababu yake si kwamba ilikosa vitu, bali vitu vyote vilisema kwa pamoja, kama wanafunzi darasani mwalimu atokapo nje. Kituo cha macho ni kile kitu kimoja kinachoachiwa nafasi ya kusema.

Jambo hili si geni kwetu watu wa Afrika ya Mashariki. Tazameni nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zake ni za mawe na chokaa, nyeupe, hazina nakshi nyingi. Lakini mlango! Miimo imechongwa, kizingiti cha juu kimejaa nakshi, na mbao zimepigwa njumu za shaba. Fundi hakutawanya ufundi wake ukuta mzima. Aliukusanya mahali pamoja, pale mgeni anaposimama kubisha hodi. Kadhalika katika nyumba za kale za Lamu, ukuta wa zidaka uliwekwa katika chumba cha ndani kabisa, ukimwelekea mtu aingiaye, ili macho yavutwe kupita vyumba vya mbele mpaka yaufikie. Wazee wetu walijua ya kuwa pambo hupata nguvu zake kutokana na utulivu wa vitu vinavyolizunguka. Mtaka yote hukosa yote. Na mwenye kupamba kila mahali hakupamba mahali popote.

Basi, tukitaka kuitumia hekima hiyo katika bustani, swali la kwanza si "Niweke nini?" bali ni "Kitatazamwa kutoka wapi?" Nyumba nyingi zina mahali patatu pa kutazamia: pale njia inapoingilia uani, barazani watu waketipo jioni, na dirisha ambalo mama wa nyumba hufanyia kazi karibu nalo. Simameni katika kila mahali hapo mtazame. Kisha chukueni ufito mrefu kama kimo cha mtu, ufungeni kitambaa cheupe juu yake, mkausimike mahali mnapodhani patafaa. Uacheni siku tatu, mkiutazama asubuhi, adhuhuri na jioni, maana jua likigeuka na vivuli hugeuka. Pasipofaa, kuung'oa ufito ni kazi ya dakika moja. Kuung'oa mti wa miaka mitano ni huzuni.

Mtaona ya kuwa katikati kabisa ya ua mdogo aghalabu hapafai. Hapo ndipo watoto wachezapo, na hapo ndipo nguo na nafaka huanikwa. Mahali pazuri ni mwisho wa njia, au pale njia ipindapo, au pembeni mbele ya ukuta au ugo wa majani mabichi. Ukuta uliopakwa chokaa ni mgongo mwema kwa mmea wenye majani meusi-meusi, na ugo wa kijani ni mgongo mwema kwa mtungi mwekundu wa udongo. Angalieni pia kimo. Kitu kifikacho magotini kikitazamwa toka hatua thelathini hupotea; kiinueni juu ya jukwaa la mawe. Na mti mkubwa katika ua wa hatua nane huimeza nyumba, hata pasionekane tena bustani wala nyumba.

Sasa twaweza kuuliza, "Tuweke nini?" Nitataja vitu vitatu ambavyo havihitaji fedha nyingi.

Cha kwanza ni mmea mmoja wenye umbo au rangi ya kuonekana mbali. Wengi hupenda bogenvilia, na wana haki. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, aliukuta Rio de Janeiro mwaka 1767, alipokuwa katika safari ya kuizunguka dunia pamoja na nahodha Louis-Antoine de Bougainville, na jina la mmea latokana na nahodha huyo. Yale tuyaitayo maua yake si maua hasa. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Tena mmea huu una tabia ya kushangaza: ukinyweshwa maji mengi kila siku hutoa majani mabichi tele na rangi kidogo, bali ukiachwa uone kiu kidogo, huwaka kama moto. Kwa hiyo wafaa sana mahali penye shida ya maji. Lakini una miiba. Msiupande kando ya njia wapitapo watoto.

Wengine hupenda mkrismasi, ambao huitwa pia mkakaya. Huo ulitoka kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na kwetu huchanua mwishoni mwa mwaka. Hapana kituo cha macho kilicho bora kuliko mti huo katika kiwanja kikubwa. Walakini mizizi yake hutambaa juu-juu ya ardhi na yaweza kuinua sakafu na kupasua msingi. Upandeni mbali na nyumba, au msiupande kabisa.

Cha pili ni chombo. Mtungi wa udongo, hata uliovunjika shingo, ukisimama peke yake juu ya mawe matatu mbele ya ugo, hupendeza kuliko makopo kumi yaliyopakwa rangi kumi. Lakini nawasihi, msiuache ukusanye maji ya mvua. Katika nchi za joto, yai la mbu huweza kuwa mbu arukaye kwa muda wa juma moja au mawili. Ulazeni ubavu, au toboeni tundu chini yake mkaujaze udongo na kupanda mmea. Na mwenye kupenda kuweka maji kwa ajili ya ndege, ayamwage na kuusugua mtungi kila juma bila kukosa. Pambo liletalo homa si pambo.

Cha tatu ni mahali pa kuketi. Benchi la mbao au la mawe chini ya kivuli huyaita macho, na baada ya macho huuita mwili wote. Mtu aonapo kiti mwisho wa njia, huona ya kuwa bustani ile yamkaribisha. Kwa maoni yangu hiki ndicho kituo bora kuliko vyote, kwa maana hakikamiliki mpaka watu wameketi juu yake.

Niseme kidogo juu ya rangi. Nyekundu, manjano na rangi ya chungwa huja mbele. Buluu na zambarau hurudi nyuma. Kwa hiyo, katika ua mdogo, maua mekundu yakipandwa mwisho wake huufanya uonekane mfupi zaidi, na ya buluu huufanya uonekane mrefu. Maua meupe huonekana hata jua likiisha kuchwa; basi wenye kuketi nje magharibi wakipanda yasmini karibu na baraza watapata weupe wake na harufu yake pamoja. Huko Uingereza alikuwako bibi mmoja, Gertrude Jekyll, aliyezaliwa mwaka 1843 akafariki mwaka 1932. Alikuwa amejifunza uchoraji, lakini macho yake yalikuwa dhaifu, na kwa sababu hiyo aliigeukia bustani. Alipanda maua kama mchoraji apakavyo rangi, akianza na zilizo baridi pembeni na kuziweka zilizo kali katikati. Mtu ambaye macho yake hayakuwa na nguvu aliwafundisha wenye macho mazima namna ya kutazama.

Mabibi na mabwana, nimesema juu ya vitu vya kuweka. Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nichague habari hii, nalo ni vitu vya kutoondoa. Mtu akipata kiwanja cha kujenga, mara nyingi kazi yake ya kwanza ni kukwangua kila kilichomo hata ardhi ibaki tupu kama kiganja cha mkono. Mwembe mzee hukatwa kwa sababu huangusha majani. Mkwaju hukatwa kwa sababu haukusimama katika mstari wa ramani. Kisha nyumba ikiisha, mwenyewe hununua miche midogo na kuanza kutafuta pambo. Ndugu zangu, mti mkubwa ni miaka iliyokwisha kuwekwa akiba na mtu mwingine. Saruji hununuliwa, mtungi hununuliwa, bali miaka haiuzwi dukani.

Katika shule moja niliyoijua, njia mpya ya kuingilia ilipimwa, na kamba ikapita katika shina la mwembe mkubwa. Vijana wakaleta mashoka. Fundi mmoja mzee akauliza, "Ni lipi rahisi kupinda, mti au njia?" Njia ikapindwa. Leo mtu aingiaye huuona mwembe ule mbele yake, njia ikauzunguka, na benchi liko chini yake. Wanafunzi husomea hapo, wazee wenye kuleta watoto hungoja hapo, na hakuna atajaye shule ile asiutaje mwembe.

Najua wako watakaoniambia, "Mwalimu, mimi nakaa nyumba ya kazi. Mwaka ujao huenda nikahamishwa. Kwa nini nipande nisichokivuna?" Ni swali la haki, na sisi walimu twalijua sana. Lakini jiulizeni ni nani aliyepanda kivuli mnachokikalia sasa. Aghalabu ni mtu ambaye naye alikuwa karibu kuhamishwa. Mwenye kukaa mwaka mmoja na aweke mtungi na benchi, navyo vyaweza kuchukuliwa. Lakini na apande pia mche mmoja mahali alipopachagua kwa ufito na kitambaa, amwachie ajaye baada yake. Nyumba ambazo kila mkaaji alipanda mche mmoja zajulikana hata kwa mpita njia.

Basi kesho jioni, jua likipungua ukali, fanyeni hivi. Simameni pale mgeni aingiapo. Hesabuni vitu vinavyoyaita macho yenu. Vikizidi kimoja, ondoeni au sogezeni pembeni, kimoja kimoja, mpaka kibaki kile mnachokipenda. Na kama hakuna hata kimoja, tazameni kwanza kama hakuna mti mzee, jiwe kubwa, au ukuta mwema uliosahauliwa nyuma ya takataka. Huenda kituo chenu cha macho kimekwisha kuwapo miaka mingi, kikingoja tu kufagiliwa njia.