Mji Uote Gatini



Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Tangu hapo lami ya kilomita 66 imeteremka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay. Meli Mbeya II ilianza safari mwaka 2021. Gari na meli vikutanapo, mji huota wenyewe: duka mbele, makazi nyuma, samaki mlangoni.

Sisi wa Unguja twalijua hilo. Darajani, sokoni pa tangu 1904, wengi wetu hushuka daladala tukatembea.

Mwaka 2024 bandari mpya Mbamba Bay iliwekewa jiwe la msingi. Je, ramani itamsukuma mlimani mama wa Ngumbo auzaye usipa? Twadai soko na nyumba za wanyonge zibaki hatua chache kutoka gatini, na ramani ibandikwe hadharani kabla ya ukuta kujengwa.