Ghala la mahindi: kazi ya mtu mmoja



Kila mwaka twaona neno moja. Mwezi wa 5 mtu anavuna mahindi mengi. Hana mahali pa kuyaweka, basi anayauza upesi kwa mchuuzi kwa bei ndogo. Yanayobaki chini nyumbani yanaliwa na panya na wadudu. Mwezi wa 1 chungu ni kitupu, naye ananunua unga kwa bei kubwa. Ukimwuliza: Kwa nini hukujenga ghala? Anajibu: Vijana wamekwenda kwenye migodi ya Likasi na Kolwezi, nimebaki peke yangu.

Sikieni. Mtu peke yake aweza kujenga, akichagua miti inayofaa bega lake.

Kwanza, miguu. Kata nguzo 6 za mubanga, maana mchwa hawauli upesi. Mubanga ni mzito, kwa hiyo nguzo ziwe fupi, meta 1 na sentimeta 60, zenye panda juu. Zisimamishe mistari 2, nguzo 3 kila mstari. Sentimeta 60 ziingie udongoni. Meta 1 ibaki juu, panya asiruke. Vika kila mguu bati la debe la kale kama kofia, panya asipande.

Pili, sakafu. Lalisha boriti 3 fupi, kila moja juu ya nguzo 2. Inua ncha moja, itie katika panda, kisha enda kuinua ya pili. Panda ndiyo mwenzako: yashika wakati wewe unazunguka. Juu yake panga miti myembamba.

Tatu, kuta. Funga fito kwa kamba za gome, uache nafasi upepo upite. Upana usipite meta 1, maana katika ghala pana mahindi ya katikati huoza. Upande mrefu uelekee upepo.

Nne, paa. Liwe chini, ulifikie kwa mkono ukisimama juu ya sakafu. Nyasi zishuke nje ya kuta, mvua isipige mahindi.

Menya mahindi, utenge yaliyotobolewa, ule hayo kwanza. Jioni ondoa ngazi.

Hata mama ambaye mume wake yuko mgodini aweza kazi hii, kidogo kidogo kila asubuhi. Mwenye ghala huchagua mwenyewe siku ya kuuza. Asiye na ghala, mchuuzi humchagulia.

Basi, noeni mashoka kabla ya mavuno.