Mana ya Kila Usiku

Somo letu latoka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, habari za mana.

Mwaikumbuka habari yenyewe. Wana wa Israeli walipewa chakula jangwani, lakini kwa namna iliyowachosha: kila mtu aliokota ya siku moja. Aliyeweka akiba mpaka asubuhi aliikuta ina mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Miaka arobaini waliinama na kuokota. Wala hatusomi kwamba walifurahi kila asubuhi, walinung'unika sana.

Leo twataka kusema na wenzetu wanaohitaji mana ya namna nyingine, yaani pumzi. Hapa Bahati, kama popote pengine, kuna watu ambao wakilala, koo lao hulegea na kujifunga. Pumzi hukatika sekunde kumi, ishirini, hata zaidi. Ndipo mwili unaposhtuka, mtu akavuta hewa kwa kishindo na kurudi kukoroma, naye hajui lililotukia. Mwenye ugonjwa mkali hufanya hivyo mara 30 au zaidi katika saa moja. Asubuhi huamka amechoka kana kwamba amelima usiku kucha. Shinikizo la damu hupanda, na moyo huchoka. Akiwa dereva wa lori kwenye barabara ya kwenda Salgaa, kusinzia kwake kwaweza kuua watu wasiomjua kabisa.

Na kanisani twamcheka. Mzee anasinzia kabla ya somo la pili, na vijana wanagusana viwiko. Sisi wahubiri hatuna budi kukiri kwamba wengine husinzia kwa sababu yetu. Lakini si wote.

Mwaka 1980, huko Sydney nchini Australia, daktari mmoja aitwaye Colin Sullivan alikuwa na wagonjwa wa namna hii. Siku zile mgonjwa mahututi alitobolewa tundu kooni ili apumue. Daktari huyo alichukua mota ya mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza isukume hewa puani kwa nguvu kidogo, na hewa ile ikalishikilia koo wazi. Mwaka 1981 alitangaza habari za wagonjwa watano waliolala vizuri kwa njia hiyo. Wale wa kwanza waliotumia mashine nyumbani walibandikwa kifuniko puani kwa gundi, kila usiku! Leo kifuniko hufungwa kwa mikanda laini, na mashine, ambayo madaktari huiita CPAP, yatosha juu ya kimeza cha kitanda.

Basi shida haiko siku ya kwanza tu. Siku za kwanza wengi hushangilia kwa kuamka na kichwa chepesi. Kisha shida huja. Kifuniko kimeacha alama puani. Kinywa kimekauka. Mtoto amemwona baba na mpira usoni akalia. Stima imepotea mvua iliponyesha, na iliporudi mashine haikuwashwa tena. Kisha anakuja ndugu mwenye maneno mengi na kuuliza, "Wewe uliyeokoka, mbona walala na mashine? Imani yako iko wapi?" Mashine inaingia chini ya kitanda.

Ndugu huyo tungependa kumwuliza kama amesoma Timotheo. Paulo, aliyewaombea wagonjwa wakapona, alimshauri kijana wake mpendwa atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia kwamba amepungukiwa na imani.

Nawe mgonjwa, elewa jambo hili. Mashine haiuondoi ugonjwa. Yauzuia wakati unapoivaa. Usingizi mzuri wa jana hauwezi kuwekwa akiba. Ukiivua saa nane za usiku useme umelala vya kutosha, umeivua kabla ya zile saa za kuelekea alfajiri, ambapo kwa wengi koo hujifunga zaidi.

Lakini usivumilie mateso yasiyo na sababu. Kifuniko kinachovuja au kuumiza chaweza kubadilishwa. Mwambie mhudumu wako wa afya, usimfiche. Ukivaa mchana kidogo ukiwa umekaa macho, uso utazoea. Kioshe kila siku kwa maji na sabuni isiyo kali. Huku kwetu usiku ni baridi, na mvuke hugeuka matone ndani ya mpira. Upitishe chini ya blanketi. Maji ya visima vya Nakuru yana madini mengi, basi usiyatie katika chombo cha mvuke. Tumia yale yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake. Jiepushe na pombe na dawa za usingizi zisizoamriwa na daktari, maana hulilegeza koo zaidi. Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia, ila usiache mashine kwa shauri lako mwenyewe. Na ukienda matangani au safari ya kulala huko, ibebe.

Mama, wewe unayelala macho ukihesabu pumzi za mumeo, twajua hofu yako. Usimnyamazie. Mwambie ulichokisikia usiku, kwa maana yeye hawezi kujua. Na kama ni wewe mwenyewe unayekoroma hivyo, usione haya. Wanawake nao huugua.

Na ninyi wazee wa kanisa, twawaombeni neno moja. Mashine hizi ni za bei kubwa, na kipimo cha usiku pia ni ghali. Tumefanya harambee za arusi na za mabati. Kwa nini tungoje mpaka iwe harambee ya mazishi?

Tuombe. Ee Mungu, uliyempulizia Adamu pumzi ya uhai, wakumbuke usiku huu watu wako wanaoogopa kulala. Yule aliyeificha mashine chini ya kitanda, mpe moyo wa kuifuta vumbi. Yule asiye nayo, mpatie ndugu. Walinde madereva walio barabarani sasa hivi. Kwa jina la Yesu. Amina.