Bolti za Koni-rodi: Nyumbani au Karakanani?

Mwenye motakaa atakaye kubadili bolti za koni-rodi, yaani mkono uungao pistoni na krenki, hudhani kazi ni kufungua na kufunga tu. Sivyo. Bolti moja ikikatika mwendoni, koni-rodi huweza kutoboa ubavu wa injini. Tena bolti mpya zikishindiliwa mahali pake, kifuniko huweza kusogea kidogo, tundu la beringi lisiwe duara kamili. Kosa la sehemu chache za mia za milimita halionekani kwa jicho, lakini huunguza beringi. Basi kufungua na afungue mwenyewe. Ila tundu lipimwe, na likihitaji, lisawazishwe kwa mashine karakanani. Ujira wa fundi ni mdogo kuliko bei ya injini.