Ligi ya Wanaume Ikihama, Hoki ya Wanawake Vyuoni Hubaki Wapi?

Mada kwa semina ya maafisa wa michezo wa vyuo na walimu wa michezo, Voi, Kaunti ya Taita Taveta

1. Utangulizi

Waandaaji wa semina hii waliomba mada kuhusu upangaji upya wa ligi za wanaume na athari zake kwa hoki ya wanawake vyuoni. Ombi hilo lina uzito. Uamuzi wa kuhamisha ligi mara nyingi hupitishwa katika kikao ambacho kocha wa wanawake hakualikwa, na matokeo yake huonekana baadaye, siku ya mechi, wachezaji wakiwa wamesimama getini na mabegi yao bila gari.

Mada hii hailengi kulaumu chuo chochote wala ofisi yoyote. Inalenga kuonyesha jinsi tatizo linavyozaliwa, na mahali linapoweza kuzuiwa.

2. Maana ya maneno

Walio hapa wanayajua haya, hivyo yatajwe tu. Hoki ya Kenya huchezwa uwanjani na wachezaji kumi na mmoja kila upande. Ile ya vyuo vya Marekani itakayotajwa hapa huchezwa juu ya barafu, sita kwa sita. Ligi ya vyuo ni kundi la vyuo vilivyokubaliana kushindana kwa ratiba moja. Kuipanga upya ni kuviondoa vyuo kundi hili na kuvipeleka lile, kwa sababu ya umbali, fedha au hadhi.

3. Marekani: wanaume walitawanyika, wanawake wakabaki pamoja

Mfano ulio wazi zaidi ni wa ligi iitwayo WCHA. Ilikuwa ligi ya wanaume kwa miongo mingi kabla ya kuanzisha mashindano ya wanawake msimu wa 1999/2000. Mwaka 2013 upande wa wanaume ulipasuka. Minnesota na Wisconsin walienda kuunda ligi ya hoki ya Big Ten pamoja na Ohio State na wengine. North Dakota, Minnesota Duluth na St. Cloud State wakaingia ligi mpya ya NCHC. Bemidji State na Minnesota State wakabaki WCHA.

Vyuo hivyo vinane vyote vilikuwa na timu za wanawake ndani ya WCHA. Wanaume wao sasa walikuwa katika ligi tatu tofauti. Wanawake hawakuhama hata mmoja. Big Ten haikuwa na vyuo vya kutosha vyenye hoki ya wanawake kuanzisha ligi yao, na WCHA ya wanawake tayari ilikuwa na ratiba yake, kombe lake na jina lililoheshimiwa: mataji yote ya kitaifa kuanzia 2001, mashindano ya wanawake ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalipoanza, hadi 2013 yalikwenda kwa timu zake.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja 2019. Vyuo saba vya wanaume vilitangaza kuondoka WCHA ili kuunda upya ligi ya CCHA, vikitafuta kundi lenye safari fupi, kwa maana WCHA ilikuwa na vyuo viwili vya Alaska na kimoja cha Alabama. Baada ya msimu wa 2020/21 ligi ya wanaume ya WCHA ilikufa. Ya wanawake iliendelea chini ya jina lilelile. Chuo cha St. Thomas kilipopanda daraja mwaka 2021, wanaume wake waliingia CCHA na wanawake wake WCHA. Tangu hapo Ohio State imetwaa taji la taifa 2022 na 2024, na Wisconsin 2023 na 2025. Wote ni wa WCHA.

Hata hivyo, ligi imara peke yake haitoshi. Machi 2017 Chuo Kikuu cha North Dakota kilifuta timu yake ya wanawake kwa sababu ya bajeti, mwaka mmoja baada ya wanaume wake kutwaa taji la taifa. Mapacha Jocelyne na Monique Lamoureux walikuwa wamechezea timu hiyo. Februari 2018, Pyeongchang, Jocelyne alifunga penalti iliyoipa Marekani dhahabu ya Olimpiki. Ligi ya timu iliyofutwa ilikuwa salama, lakini fungu la fedha lilikuwa mikononi mwa watu wengine.

4. Kenya

Hapa nchini timu za vyuo, kama USIU-Africa na Strathmore, zimekuwa sehemu ya ligi kuu ya hoki ya wanawake. Timu iliyotawala mchezo huo kwa miaka mingi ilicheza chini ya jina la kampuni ya Telkom. Udhamini ulipokwisha ilibidi iendelee kwa jina la Blazers. Wachezaji walikuwa walewale, lakini uhai wa timu ulikuwa umetegemea uamuzi wa nje ya uwanja.

Soka ilitoa somo kali zaidi. Mgogoro wa uongozi wa shirikisho uliifanya FIFA kuifungia Kenya Februari 2022. Kwa mgogoro huohuo Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, walikosa kumalizia safari ya kufuzu Kombe la Afrika, Uganda ikapita. Agosti mwaka huohuo Vihiga Queens, waliokuwa wamecheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika mwaka uliotangulia, walizuiwa kushiriki mechi za kufuzu za ukanda wa CECAFA. Hakuna mchezaji wa Starlets wala wa Vihiga aliyekuwa upande wa mgogoro ule.

5. Basi moja

Hili ndilo tatizo ambalo mwandishi wa mada hii amelipigania kwa miaka, na linahitaji nafasi zaidi ya mengine.

Chuo chenye timu mbili za hoki mara nyingi kina basi moja, seti moja ya vifaa vya kipa na fungu moja la fedha za safari. Maadamu wanaume na wanawake wanacheza uwanja mmoja siku moja, upungufu huo haujitokezi. Wanawake wanaanza asubuhi. Mechi ikiisha, kipa wao anavua helmeti, pedi za miguu na vikinga mikono, kipa wa wanaume anavivaa. Marefa ni walewale, chakula kinapikwa mara moja, jioni wote wanarudi pamoja.

Sasa wanaume wahamishiwe kundi la Nairobi, wanawake wabaki na vyuo vya Pwani. Kutoka Voi, Mombasa iko kilomita 150 hivi, Nairobi kilomita 330 hivi, kila mji upande wake. Jumamosi ni moja. Basi litaenda na nani?

Kila aliyefanya kazi hii anajua jibu. Basi linaenda na wanaume, kwa kuwa safari yao ni ndefu na ratiba yao ndiyo iliyobandikwa kwanza. Vifaa vya kipa vimo ndani ya basi hilo. Wanawake wanaambiwa wakodi matatu, na masurufu ya kuikodi yanatiwa saini Ijumaa jioni, wakati mhasibu ameshafunga ofisi. Kuna anayeuliza kwa nini wasipande Madaraka Express, ambayo imekuwa ikisimama Voi tangu 2017. Swali ni zuri, lakini tiketi za watu kumi na sita zinahitaji kukatwa mapema, na kukata mapema kunahitaji ratiba na fedha zilizotoka mapema. Vyote viwili hupatikana baada ya mambo ya wanaume kukamilika.

Wengine hupendekeza wanawake wahame pamoja na wanaume. Safari inazidi mara mbili. Kwenda na kurudi Nairobi siku moja kunamaanisha kurejea usiku kwenye barabara ya malori inayokatiza Tsavo, ambako hifadhi zinachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii na vituo ni vya kuhesabu. Kulala huko kunahitaji malazi salama, matroni, na ruhusa ya kukosa masomo ya Ijumaa. Wakifika, wasichana waliojifunza magongo kwenye nyasi na vumbi wanakutana na nyasi bandia za City Park, ambako mpira una kasi nyingine kabisa. Gharama inapanda, matokeo yanashuka.

Kinachofuata kinaumiza zaidi. Timu isiyofika inapoteza kwa ushindi wa mezani. Mwisho wa msimu mtu anafungua jedwali, anaona mechi ambazo hazikuchezwa, anaandika kwamba hamasa ya wanawake imepungua. Bajeti ya mwaka unaofuata inapunguzwa kwa ushahidi huo. Wachezaji walikuwa getini tangu saa kumi na mbili asubuhi, lakini jedwali halina safu ya kuandika hivyo.

Jambo hili limefikishwa kwenye vikao vya bajeti mara nyingi. Hoja hupokelewa, huingizwa katika kumbukumbu za kikao, na msimu ukianza ratiba hutoka vilevile. Inastahili kusemwa hapa waziwazi: wasichana hawa hawajakataa kucheza. Wamenyimwa njia ya kufika.

Sheria haipingi marekebisho. Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia, na Jedwali lake la Nne linazipa kaunti jukumu la michezo na viwanja. Sheria ya Michezo ya 2013 imeweka msajili na mahakama ya migogoro ya michezo. Kilichobaki ni kazi ya ratiba na fedha.

6. Mapendekezo

(i) Uamuzi wowote wa kuhamisha ligi ya wanaume uambatane na maelezo ya maandishi kuhusu athari zake kwa timu ya wanawake: kilomita, siku za masomo, malazi na gharama.

(ii) Kocha au nahodha wa wanawake awe na kiti katika kikao kinachopitisha uamuzi huo.

(iii) Ligi ya wanawake iwe na katibu wake na ratiba yake, isiyofutika wanaume wakihama.

(iv) Fedha za safari za wanawake ziwe na fungu lake katika bajeti.

(v) Masurufu yatolewe siku saba kabla ya mechi, ili tiketi za treni ziweze kukatwa.

(vi) Kila timu iwe na vifaa vyake vya kipa. Hili ni dogo kuliko yote na halihitaji kusubiri mengine.

(vii) Ratiba zikigongana, basi litolewe kwa zamu. Urefu wa safari ya wanaume usiwe kigezo pekee.

(viii) Vyuo vya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta vishirikiane na vya Mombasa na Kilifi kuandaa mechi za wanawake mahali pamoja, mechi mbili au tatu wikendi moja, ili kupunguza safari.

(ix) Kaunti iweke alama za uwanja wa hoki na magoli katika angalau kiwanja kimoja cha umma, wazi kwa shule za wasichana pia.

(x) Jedwali la ligi lionyeshe sababu ya kila mechi isiyochezwa, ikiwemo ukosefu wa usafiri.

(xi) Timu ya wanawake isipunguziwe bajeti kwa mechi ilizokosa kwa kukosa gari.

(xii) Kama ilivyosemwa katika (iii) na (iv), ratiba na fungu la fedha viende pamoja. WCHA inaonyesha faida ya ratiba; North Dakota inaonyesha hasara ya kukosa fungu.

7. Hatua ya kwanza

Semina inaombwa ipitishe pendekezo la (i), la (v) na la (vi) leo, kwa kuwa hayahitaji idhini ya Nairobi wala fedha nyingi. Kila chuo kilichowakilishwa kiandike ukurasa mmoja kabla ya ratiba ya msimu ujao kutolewa: mechi za wanawake ambazo hazikuchezwa msimu uliopita, sababu ya kila moja, na jina la ofisi iliyopaswa kutoa gari. Kurasa hizo zipelekwe pamoja kwa waandaaji wa ligi, zikiwa na saini za makocha wa timu zote mbili.