KUWALINDA MAFUNDI WETU NA VUMBI LA BREKI

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya karo za watoto, michango ya misiba na hesabu za chama. Mambo hayo ni mema na yana mahali pake. Leo, hata hivyo, naomba mnisikilize juu ya afya ya mafundi wa magari, ambao wengi wao ni wana wetu, ndugu zetu na waume wa mabinti zetu.

Kila mtu aliyepata kusafiri toka Embu kwenda Meru anaijua njia ile. Hupita Runyenjes, huteremka hadi mto Thuci, hupanda tena mpaka Chuka, kisha hushuka kwa kona kali hadi daraja la Nithi kabla ya kupanda kuelekea Chogoria na Nkubu. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia katika bonde la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Kwa hiyo hapana haja ya kumweleza mtu wa sehemu hizi thamani ya breki. Dereva, abiria, mwenye lori la majani ya chai na mwenye gari la miraa litokalo Maua, wote hutaka breki zishike.

Miteremko hiyo ndiyo inayozila breki upesi. Dereva ashukaye bonde baada ya bonde hukanyaga breki mara nyingi kuliko yule wa nchi tambarare, na apandaye huisumbua klachi. Ndiyo sababu kazi ya kubadili breki na klachi haikosekani katika gereji zetu, toka Embu hadi Makutano ya Meru. Basi, sisi huuliza kama gari limepona, lakini ni nani aulizaye habari za yule aliyelitengeneza?

Jambo lenyewe ni hili. Kwa miaka mingi lainingi za breki na sahani za klachi zilitengenezwa kwa asbesto. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya paa za zamani za shule na nyumba za serikali. Asbesto ni jiwe lichimbwalo ardhini, lakini si jiwe kama mengine, kwa kuwa huchambuka likawa nyuzi kama pamba. Nyuzi hizo haziungui kwa moto, hazikatiki kwa urahisi, na bei yake ilikuwa nafuu. Gari likisimamishwa, breki hupata joto kali. Kwa hiyo watengenezaji waliiona asbesto kuwa kitu kiwafaacho kabisa. Ilichimbwa Kanada, Urusi, Afrika Kusini, Zimbabwe na Eswatini, ikasambazwa duniani kote ndani ya magari.

Ubaya wake haukujulikana jana. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Uingereza, William Cooke, aliandika habari za mwanamke aitwaye Nellie Kershaw, aliyefanya kazi ya kusokota asbesto katika kiwanda huko Rochdale, akafa mapafu yake yakiwa yamejaa makovu. Mwaka 1931 serikali ya Uingereza ilitunga kanuni za kupunguza vumbi katika viwanda vya asbesto. Mwaka 1960 Dakta Wagner na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 33 wa saratani ya utando unaofunika mapafu, iitwayo mesothelioma. Karibu wote walikuwa wameishi au kufanya kazi karibu na machimbo ya asbesto katika jimbo la Cape, Afrika Kusini. Leo Shirika la Afya Duniani lasema wazi ya kwamba aina zote za asbesto huleta saratani, wala halijapatikana kadiri ya vumbi lake ambayo twaweza kuiita salama.

Tazameni sasa jinsi vumbi hilo limfikiavyo fundi. Lainingi ikisuguana na dramu huisha kidogo kidogo, na unga wake hukaa ndani ya dramu. Fundi akiifungua, huukuta umejaa. Mara nyingi huchukua mpira wa kompresa akaupuliza, au huigonga dramu chini, au hutumia brashi kavu. Vumbi huruka likaenea gereji nzima, likamfikia hata yule akaaye pembeni akila chakula chake. Nyuzi zilizomo ni nyembamba mno hata jicho haliwezi kuziona. Mtu huzivuta bila kupiga chafya, nazo hufika chini kabisa ya mapafu, na mwili hauna nguvu ya kuziyeyusha.

Yapasa niseme neno la haki hapa, ili nisiwaogopeshe kupita kiasi. Joto la breki hugeuza sehemu kubwa ya asbesto ikawa kitu kingine, kwa hiyo vumbi la ndani ya dramu lina nyuzi chache kuliko lainingi yenyewe. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu juu ya ukubwa wa hatari impatayo fundi wa breki, na fundi huyu si sawa na mchimbaji wa machimboni. Lakini nyuzi chache si kusema hakuna. Tena iko kazi nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo hufanywa sana kwetu kwa ajili ya malori na mabasi: kung'oa lainingi iliyochakaa, kupigilia mpya kwa ribiti, kuitoboa, kuipiga tupa na kuisaga mpaka ilingane na dramu. Vumbi la lainingi mpya halijapata kuunguzwa na joto la breki. Kama lainingi hiyo ina asbesto, nyuzi zake zote bado ni nzima. Na kazi hiyo ya kusaga ndiyo mara nyingi apewayo kijana mdogo anayejifunza.

Maradhi yenyewe ni ya namna tatu. Kwanza ni asbestosisi, yaani mapafu kuwa na makovu na kukakamaa hata mtu akapungukiwa pumzi akipanda kilima kidogo. Pili ni saratani ya mapafu. Tatu ni ile mesothelioma niliyoitaja. Mvutaji sigara ajue ya kwamba asbesto na sigara zikikutana, hatari ya saratani ya mapafu hupanda kupita jumla ya hatari zao kila moja peke yake. Maradhi haya hayaji upesi. Aghalabu hujificha miaka 20, 30, hata 40 au zaidi.

Hapo ndipo penye jibu kwa mzee asemaye, "Nimefanya kazi hii miaka 15 wala sijaugua." Baba, twamshukuru Mungu kwa afya yako, lakini miaka 15 haitoshi kuwa ushahidi. Aliyeanza kushika spana akiwa na umri wa miaka 18 huweza kuugua akiwa na wajukuu. Naye akikohoa na kukosa pumzi, watu husema ni kifua kikuu au ni uzee, kwa kuwa hakuna amwulizaye alifanya kazi gani ujanani. Kwa hiyo kila fundi aendaye hospitali kwa ajili ya kifua, iwe Embu au Meru, amweleze daktari kazi yake na miaka aliyoifanya, hata kama hakuulizwa.

Wako pia wasemao, "Asbesto imekwisha, breki za siku hizi hazina." Ni kweli kwamba nchi nyingi zimeipiga marufuku. Jumuiya ya Ulaya ilifunga mlango mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008, na Marekani ilitangaza marufuku ya aina nyeupe, ndiyo iliyokuwa ikitumika katika breki, mwaka 2024. Hapa kwetu kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto miongoni mwa taka za hatari. Lakini sheria ni jambo moja, na kilichomo ndani ya kasha ni jingine. Australia iliipiga marufuku tangu mwisho wa mwaka 2003, nayo ni nchi yenye ukaguzi mkali bandarini. Hata hivyo mwaka 2012 magari zaidi ya 20,000 yaliyoingizwa huko toka China yaligunduliwa kuwa na asbesto katika gasketi zake. Ikiwa yaliwapita wao, sisi tununuao vipuri vya bei rahisi visivyo na jina tutajuaje? Kwa macho haijulikani. Fundi mwenye busara huchukulia kila vumbi la breki na klachi kuwa lina asbesto.

Bwana Mwenyekiti, habari njema ni kwamba kinga yake haihitaji mali nyingi. Adui wa vumbi hili ni maji. Naomba mafundi walio hapa wayashike haya:

1. Usipulize kwa kompresa, usigonge dramu, usitumie brashi kavu.

2. Weka karai chini ya gurudumu. Nyunyiza maji yenye sabuni polepole kabla ya kuvuta dramu, yapenye ndani. Ukiisha kuivuta, lowesha tena pande zote, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa. Klachi nayo ifanywe vivyo hivyo. Pampu ya mgongoni ya kunyunyizia kahawa hufaa kwa kazi hii, mradi iwe mpya isiyopata kutiwa dawa, na maji yatoke kwa nguvu ndogo. Acha breki zikauke, uzijaribu kwa mwendo wa taratibu kabla ya kumkabidhi mwenye gari.

3. Nunua lainingi zilizokwisha kutobolewa na kulinganishwa kiwandani. Ikiwa hapana budi kutoboa au kupiga tupa, fanya ikiwa imeloweshwa, mbali na wenzako.

4. Leso au barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Itakiwayo ni ile yenye chujio la vumbi jembamba, iliyoandikwa P3 au P100, nayo ibane uso vizuri. Hata hiyo ni kinga ya mwisho. Ya kwanza ni kutoliacha vumbi liruke.

5. Nguo za kazi zibaki kazini, zilowekwe na kufuliwa peke yake. Wako wanawake waliougua kwa kufua nguo za waume zao waliofanya kazi ya asbesto, nao hawakukanyaga kiwandani. Nawa mikono na uso kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto.

6. Vitambaa na tope la karai vitiwe katika mifuko miwili ya plastiki vikiwa vimelowa, ifungwe, iandikwe, na kupelekwa kwa wachukuzi wa taka wenye leseni. Visichomwe, kwa kuwa asbesto haiungui. Wala visimwagwe mtoni, maana walio chini wanywa maji hayo.

Kadhalika, wenye gereji wajue ya kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali ambapo mtu afanya kazi, awe wa kudumu au wa muda. Haibagui jengo la mawe na kibanda cha jua kali. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa vifaa vya kinga, asimkate kijana mshahara kwa ajili yake. Na Sheria ya Fidia kwa Madhara ya Kazini ya mwaka huo huo yatambua maradhi yatokanayo na kazi, si ajali peke yake.

Sasa naleta mbele ya chama mapendekezo matatu, nikiomba wazee wayapime. La kwanza, litengwe fungu katika hesabu ya mwaka ujao ili kila mwanachama mwenye gereji akopeshwe bei ya karai, pampu na barakoa mbili, alipe kidogo kidogo. La pili, tumwalike ofisa wa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini aje kuwafundisha mafundi wetu, na tuwaombe wakuu wa vyuo vya ufundi, Meru na Embu, wawafunze wanafunzi wao njia ya maji tangu mwaka wa kwanza. La tatu, chama kifungue daftari la mafundi: jina, gereji, aina ya kazi, mwaka wa kuanza na wa kuacha. Mtu akiugua baada ya miaka 30, gereji yake huenda imekwisha kuvunjwa na mwajiri wake amekufa. Daftari hilo litamsaidia daktari kujua ugonjwa, na litamsaidia mjane kudai haki yake.

Hapana budi niseme na wenye magari pia. Mteja akimharakisha fundi, akisema, "Puliza upesi, nina abiria," yeye ndiye amrushiaye vumbi lile. Kazi ya maji huongeza dakika chache tu. Tumvumilie.

Chama hiki hukusanya fedha kwa moyo mwema mtu anapokufa. Kila mmoja hutoa, hata aliye maskini, nasi twajivunia jambo hilo. Mchango ninaouomba leo ni mdogo kuliko gharama ya jeneza moja, nao watolewa mtu angali hai, akiwa na nguvu zake na watoto wake wakimngoja jioni.

Nayaweka mapendekezo haya mikononi mwa Mwenyekiti na wazee, wayakatie shauri.