Kabla ya Sindano ya Shavu

Msikilizaji unayewazia kujazwa mashavu kwenye kliniki ya urembo hapa Milimani, usianze na bei. Uliza nani atashika sindano, kisha ulitafute jina lake kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, iliyo mtandaoni. Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya kupunguzwa mafuta mwilini kwenye kliniki ya urembo, na baraza likaifunga. Shavu ni jambo dogo zaidi, ndiyo. Lakini jeli ya kujazia ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa, hata jicho likapofuka. Jeli ya asidi ya hayaluroniki ina dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidesi. Iwe pale pale chumbani, si ya kuagizwa Nairobi. Mhudumu akikereka kuulizwa, chukua pochi yako uondoke.